Rahisi Ghali: Kodi ya Motokaa na Bei ya Maisha

Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, alinunua motokaa yake ya kwanza. Haikuwa mpya. Ilikwisha kutembea miaka mingi huko Japani, ikavuka bahari hata Dar es Salaam, ikapita nchi ya Zambia, ndipo ikafika mpakani Kasumbalesa. Siku alipoileta nyumbani, watoto waliizunguka na akina mama wakapiga vigelegele. Lakini usiku ule ule mwenyewe alikuja kwangu na bahasha iliyojaa risiti, akaketi, akasema: «Mwalimu, nisaidie kuhesabu. Motokaa hii nimeinunua mara ngapi?»

Tukahesabu pamoja. Ushuru wa forodha, kodi ya mauzo, namba, vinyeti, bima, ushuru wa barabara, na malipo mengine madogo madogo. Tulipomaliza alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema: «Mtoto wa mjomba wangu yuko Marekani. Alinunua motokaa asubuhi, jioni akaenda nayo kazini. Dada yake yuko Denmark. Mumewe ana kazi nzuri, naye kila siku anapanda baiskeli! Ananiambia kodi ya motokaa ya huko inapita yetu kwa ukali. Basi, Mwalimu, watu wa Denmark ni wajinga? Na kama kodi ni ugonjwa, mbona wao hawaugui?»

Nikamjibu: «Mdogo wangu, swali lako ni zuri, lakini halijibiwi kwa neno moja.» Hilo ndilo swali ninaloleta leo mbele yenu, wasomaji wapenzi. Maana wengi wetu tukisikia neno kodi tunauliza jambo moja tu: Ni kiasi gani? Historia inatufundisha kuuliza na jambo la pili.

MAREKANI: MOTOKAA RAHISI

Tuanze na nchi ambayo watu wote huisifu kwa motokaa zake. Mwaka 1908, katika mji wa Detroit, Henry Ford alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T. Bei yake ilikuwa dola 850, fedha nyingi kwa mtu wa kazi. Lakini mwaka 1913 Ford alibadili namna ya kazi: badala ya watu kuizunguka motokaa, motokaa yenyewe ilipitishwa mbele ya watu, na kila mtu akafanya kazi yake moja tu. Kazi ya kuunganisha ambayo ilichukua zaidi ya saa 12 ikawa inachukua saa 1 na nusu. Mwaka 1914 akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku. Kufika mwaka 1925, Model T ya bei ya chini iliuzwa dola 260. Ndivyo motokaa ilivyokuwa mali ya mkulima na ya fundi, wala si ya tajiri peke yake.

Serkali nayo haikuibana sana. Jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza kutoza kodi ya petroli, mwaka 1919: senti 1 kwa galoni, yaani kwa karibu litri 4. Serkali kuu ilifuata mwaka 1932, nayo ikatoza senti 1. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya kujenga barabara kubwa za kuunganisha nchi nzima, na fedha za kodi ya petroli zikawekwa katika mfuko wa barabara hizo. Tangu mwaka 1993 kodi hiyo ya serkali kuu ni senti 18.4 kwa galoni, haikuongezwa tena. Majimbo huongeza yao juu yake, hata hivyo petroli ya Marekani ni rahisi kuliko ya nchi nyingi za Ulaya.

Basi, Mmarekani amepona? Ngoja kwanza. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, serkali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Makampuni yaliyotafuta wafanyakazi hayakuweza kuwavuta kwa fedha, yakawavuta kwa bima ya hospitali. Desturi hiyo ilibaki hata leo: mtu hupata bima ya matibabu kwa njia ya tajiri wake wa kazi. Mwaka 1965 serkali iliweka msaada kwa wazee na kwa maskini, na mwaka 2010 ilitunga sheria nyingine ya kuwasaidia wasio na bima. Lakini watu zaidi ya milioni 20 bado hawana bima yo yote, na wengi wenye nayo wanaogopa kuacha kazi kwa sababu wakiiacha kazi huenda wakaiacha na hospitali. Kadhalika chuo kikuu: madeni ya wanafunzi na ya waliokwisha kusoma yanapita dola bilioni 1,600.

Tena kuna jambo jingine. Miji mingi ya Marekani ilijengwa kwa kuifuata motokaa. Duka liko mbali, shule iko mbali, kazi iko mbali. Mtu asiye na motokaa ni kama mtu asiye na miguu. Motokaa ni rahisi, lakini kukosa motokaa ni ghali.

NCHI ZA KASKAZINI: MOTOKAA GHALI

Sasa tuvuke bahari tuende Denmark, Norwe na Uswidi. Nchi hizi hazifanani katika kila jambo, na hapo tujihadhari. Uswidi ina viwanda vyake vya motokaa. Volvo ilitoa motokaa yake ya kwanza mjini Gothenburg mwaka 1927. Nchi yenye kiwanda haipendi kumtisha mnunuzi, na leo Uswidi haitozi ushuru mkubwa siku ya kuandikisha motokaa. Lakini Denmark na Norwe zilinunua karibu kila motokaa kutoka nchi nyingine, na kila motokaa iliyoingia ilitoa fedha za kigeni nje.

Denmark ilianza kutoza ushuru wa kuandikisha motokaa mwaka 1924, kwa sababu siku zile motokaa ilihesabiwa kuwa kitu cha anasa. Anasa ikawa kitu cha kila siku, lakini ushuru haukuondoka. Hata mwaka 2015 ulifika 180 kwa 100 katika sehemu ya juu ya bei, ndiyo kusema ushuru ulipita bei ya kitu chenyewe. Tangu mwaka 2021 motokaa ya petroli hutozwa 25 kwa 100 katika sehemu ya kwanza ya bei, 85 kwa 100 katika sehemu ya kati, na 150 kwa 100 katika sehemu ya juu. Na kabla ya hayo yote bei imekwisha kuongezwa kodi ya mauzo, ambayo ni 25 kwa 100. Kijana wetu alipoona hesabu hii alinyamaza kidogo.

Norwe nayo ilikuwa kali. Baada ya vita nchi ilikosa fedha za kigeni, na hata mwaka 1960 mtu wa kawaida hakuweza kununua motokaa mpya bila kibali cha serkali. Kisha, mwaka 1969, petroli nyingi iligunduliwa chini ya bahari yao, mahali panapoitwa Ekofisk. Hapa ndugu msomaji ungefikiri: sasa watakunywa petroli kama maji! Hawakufanya hivyo. Waliendelea kutoza kodi petroli yao wenyewe. Mwaka 1990 walitunga sheria ya mfuko wa kuweka akiba ya mali hiyo kwa ajili ya watoto na wajukuu, na mwaka 1996 fedha za kwanza ziliwekwa humo. Leo mfuko huo ni mmojawapo wa mifuko mikubwa kupita yote duniani.

Watu hawa wanapata nini? Mgonjwa wa Denmark huenda kwa daktari wala haulizwi fedha mlangoni. Mama huzaa hospitalini, hurudi nyumbani na mtoto, wala hafuatwi na deni. Mtoto husoma tangu shule ya chini hata chuo kikuu bila ada, na mwanafunzi wa chuo hupewa fedha kidogo za kumsaidia kuishi. Njia za baiskeli zimetengenezwa, treni na mabasi yanapita kwa saa yake. Mwezi wa 11 mwaka 1973, petroli ilipopungua duniani, serkali ya Denmark ilikataza motokaa kutembea siku ya Dominika, na watu wakatembea kwa miguu katikati ya barabara kubwa. Taabu waliiona, lakini maisha hayakusimama, kwa kuwa yalikuwa na miguu mingine.

Tusiwasifu kupita kiasi. Kodi ya namna hii humlemea mtu wa kipato kidogo anayekaa mbali na mji, mahali ambapo basi halifiki. Mwaka 2019, katika mji wa Bergen huko Norwe, chama kilichopinga ushuru wa barabara kilipata kura nyingi katika uchaguzi wa mji. Mtu wa kaskazini hapendi kodi kuliko wewe na mimi. Tofauti ni kwamba akigeuka huku na huku anaona fedha yake imesimama mbele yake: hii ni shule, hii ni hospitali, hii ni reli. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

JADOTVILLE: KODI YA FIMBO NA POSHO YA KAMPUNI

Na sisi, je? Ili kuelewa hasira ya kijana yule mbele ya risiti zake, lazima turudi nyuma.

Katika nchi yetu kodi haikuingia kwa mlango wa hospitali. Mwaka 1903, wakati wa mfalme Leopold, sheria iliwatoza wenyeji saa 40 za kazi kila mwezi; kodi ilikuwa jasho lenyewe. Baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi mwaka 1908, ilitolewa sheria ya mwaka 1910 ya kutoza kodi ya kichwa kwa fedha. Mwanamume wa kijijini asiye na fedha angeipata wapi? Aliipata penye kazi ya mshahara, na huku Katanga kazi hiyo ilikuwa migodini. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906; reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913; shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Mikono ilitakiwa, na kodi ikawa fimbo ya kuifukuza kutoka mashambani. Babu zetu hawakuuliza kodi inarudi kwa njia gani, maana haikukusudiwa kurudi.

Lakini kisha jambo jingine lilitokea. Wafanyakazi wengi walikufa au walitoroka katika miaka ya kwanza. Ndipo, miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière ilibadili shauri: ikawapa watu mkataba wa miaka 3, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga nyumba za kambi. Mji wetu, ulioitwa Jadotville kwa heshima ya injinia Jean Jadot, ulikua pembeni ya viwanda vya Panda na Shituru. Mfanyakazi alipokea posho ya unga, maharagwe, nyama na samaki. Alikaa katika nyumba ya kampuni. Mke wake alizaa katika hospitali ya kampuni, na mtoto alisoma shule ambayo kampuni iliilipia. Mshahara wa mkononi ulikuwa mdogo, lakini mambo mengi hayakuombwa mkononi.

Tazama basi, ndugu msomaji, namna gani Jadotville ilivyofanana na Detroit bila kujua. Kule na huku hospitali ilikuja kwa njia ya tajiri wa kazi. Kule na huku aliyepoteza kazi alipoteza mengi zaidi ya kazi. Na kile kilichoitwa cha bure hakikuwa cha bure. Kilikatwa katika mshahara kabla mshahara haujaonekana.

Jambo hilo lilidhihirika wakati wa vita. Bei za vitu zilipanda sana, nguo na vyombo vikawa adimu, na mshahara wa Mwafrika ukabaki nyuma. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi waligoma, hapa Jadotville na kule Elisabethville, wakidai waongezewe. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Watu wale hawakufa kwa ajili ya siasa ya mbali. Walikufa kwa ajili ya bei ya maisha.

NGUZO INAPOANGUKA

Mwaka 1966 mji ulirudia jina lake la Likasi, na mwaka uliofuata mali ya Union Minière hapa nchini ikawa ya serkali. Tangu mwaka 1971 kampuni inaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Posho iliendelea, shule ziliendelea, hospitali ziliendelea. Wazee wetu wanaukumbuka wakati ule na kusema: «Hatukujua bei ya daftari.»

Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mwaka uliofuata kukawa na uporaji mijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba yote ya Gécamines haikufika tani 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha mara moja, basi. Katika miaka ile ile fedha yenyewe iliyeyuka: mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa franka 1. Walimu wa serkali hawakupata mshahara wa kuishi, na tangu mwaka 1992 na 1993 wazazi walianza kuwalipa wao wenyewe, hata katika shule zetu za misioni. Hilo halikuwa jina la kodi, lakini lilikuwa kodi, tena kali kuliko zote, kwa kuwa lilimtoza maskini sawa na tajiri, na aliyeshindwa mtoto wake alirudishwa nyumbani.

Hapo ndipo kodi zetu za leo zinapokutana na mtu. Kodi ya vyombo vya barabara imo katika sheria ya mwaka 1969. Mfuko wa kutengeneza barabara uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hulishwa na tozo la petroli na ushuru wa njiani. Kodi ya thamani ya 16 kwa 100 ilianza mwaka 2012. Ukizipima kwa namba peke yake, nyingine ni ndogo kuliko za Denmark. Lakini mtu wa Likasi hulipa kwanza kama mtu wa Denmark, halafu hulipa hospitali kama mtu wa Marekani, na tajiri wa kazi wa kumsaidia kama zamani hana. Huo ndio uzito wake.

Yafaa tuseme na mema pia. Katiba ya mwaka 2006 iliahidi shule ya msingi bila malipo, na mwezi wa 9 mwaka 2019 serkali ilianza kuitimiza ahadi hiyo. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu walipata taabu nyingi. Lakini watoto waliokuwa wakiuza maji barabarani waliingia darasani. Hapo kwa mara ya kwanza wazazi wengi waliona kodi ikirudi nyumbani na miguu yake.

Tena tusisahau kwamba mali haijaisha. Mwaka 2024, katika kila motokaa mpya 10 zilizouzwa Norwe, karibu 9 zilikuwa za umeme. Serkali yao ilizipendelea tangu mwaka 1990 kwa kuziondolea ushuru wa kununua. Betri nyingi za motokaa kama hizo zinataka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, Lualaba na Haut-Katanga. Ndiyo kusema hata huko ambako ndugu yetu anapanda baiskeli, udongo wetu unapita barabarani. Norwe ilipopata petroli iliuliza: wajukuu watabaki na nini? Swali hilo linaifaa shaba na kobalti vile vile.

UPANDE WA PILI WA BAHASHA

Usiku ule nilimwambia kijana: «Geuza bahasha.» Upande wa kwanza tulikuwa tumeandika kodi. Upande wa pili tukaandika mambo ambayo kodi ingeweza kulipa, lakini aliyalipa yeye mwenyewe mwaka ule: mke wake alipojifungua, mdogo wake alipolazwa kwa malaria, ada ya dada yake katika shule ya sekondari, na chuma kilichovunjika chini ya motokaa katika shimo la barabara. Upande wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza.

Akautazama, kisha akauliza: «Basi nani kati yetu watatu amenunua motokaa kwa bei rahisi?»

Tukapima. Yule wa Marekani alilipa kidogo dukani, lakini siku akikosa kazi atajua bei yake. Yule wa Denmark hana motokaa, lakini dada yule alijifungua watoto wawili na hakuna aliyemtolea hesabu. Yeye mwenyewe alilipa pande zote mbili. Wahenga wana neno fupi: rahisi ghali. Nasi tukaongeza letu: ghali isiyorudi ni ghali mara mbili.

Ndugu msomaji, usikimbie kodi, kwa kuwa asiyelipa hana kinywa cha kuuliza. Lakini usilipe kama kipofu. Dai risiti, isome, itunze. Uliza katika mkutano wa mtaa fedha ya barabara imefika shimo gani. Kodi ya babu zetu ilikuwa fimbo, nao hawakuwa na ruhusa ya kuuliza. Sisi tunayo.

Kijana yule sasa anaendesha teksi kati ya Kikula na Shituru. Bahasha ameiweka ndani ya motokaa, karibu na usukani, na abiria wakilalamika juu ya nauli huwaonyesha kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili.